Mtoto hatulii, hasikii, anasahau: simu ya mzazi inaweza kusaidia wapi?

Katika nyumba nyingi za Kadutu, Ibanda na Bagira kuko mtoto mmoja ambaye jina lake linaitwa kuliko majina ya wengine wote. Ametumwa kuchota maji, ameacha bidoni kwenye robine na kufuata wenzake kwenye mpira. Ameambiwa akae na kaye yake, baada ya dakika mbili amepanda juu ya kiti, baada ya tano yuko nje. Wazazi wanachoka, na majirani hawakosi majina ya kumpa: mtundu, kichwa ngumu, "mutoto ule hasikiake". Na pale ambapo uvumilivu umekwisha kabisa, yanakuja majina yenye hatari zaidi: pepo, uchawi.

Kwa baadhi ya watoto hao, sio wote, tatizo lina jina ambalo madaktari wanalijua dunia nzima. Kwa Kifaransa linaitwa TDAH. Ni tatizo la kukosa umakini, ambalo linaweza kuja pamoja na kuchacharika ao bila kuchacharika. Wazazi wenye simu za kugusa wanatuuliza mara kwa mara ulizo moja: je, kuna programu ya simu ya kusaidia mtoto wa namna hii? Programu ziko, na tutazisema. Lakini tuseme mapema kwamba simu inasaidia zaidi ikikaa mkononi mwa mzazi kuliko mkononi mwa mtoto, na tutaeleza sababu yake.

TDAH ni kitu gani

Watoto wote wanakimbia, wote wanasahau. Mtoto wa miaka mitatu ambaye hatulii si mgonjwa, ni mtoto wa miaka mitatu. Daktari anaanza kufikiri TDAH pale dalili zinapopita kabisa umri wa mtoto na zinapoharibu maisha yake: masomo, urafiki, amani ya nyumba. Dalili hizo ziko za aina tatu. Kuko kukosa umakini, ndiyo kusema kupoteza vitu, kuanza kazi bila kuimaliza, kuonekana kama hasikii hata ukisema naye uso kwa uso. Kuko kuchacharika, mwili ambao hauna kituo. Na kuko haraka ya kutenda kabla ya kufikiri: kujibu kabla mwalimu hajamaliza ulizo, kushindwa kungoja zamu, kuvuka barabara bila kutazama pikipiki.

Kuko masharti pia. Dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, ziwe zimedumu miezi 6 ao zaidi, na zionekane katika fasi zaidi ya moja, tuseme nyumbani na masomoni. Mtoto ambaye anasumbuaka kwa mwalimu mmoja tu, na kwingine kote ametulia, pengine shida iko katika lile darasa.

Wasichana wanasahaulika hapa. Wengi wao hawapande juu ya kiti. Wanakaa kimya, macho kwenye dirisha, kaye haina kitu. Mwalimu hana sababu ya kulalamika, basi hakuna mtu anayeuliza, na mwishoni mwa mwaka tunasema "huyu hana akili."

Wako wanaosema haya ni magonjwa ya Wazungu. Mwaka 2005 ulitoka uchunguzi wa Espérance Kashala na wenzake juu ya wanafunzi wa Kinshasa wenye miaka 7 hadi 9. Walikuta TDAH kwa watoto karibu 6 kwa mia moja. Makadirio ya dunia nzima hayako mbali: karibu 5 kwa mia. Hesabu mwenyewe. Katika darasa la watoto 60, na tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019 darasa la namna hiyo halishangazi mtu, watakuwa watoto watatu hivi.

Sasa tuingie kidogo ndani ya kichwa cha mtoto huyu, juu hapo ndipo wazazi wengi wanapotea. Mtoto mwenye TDAH anajua sheria. Muulize saa ya kurudi nyumbani, atakuambia bila kukosea. Kinachomshinda ni kukumbuka sheria ile katika dakika anayoihitaji, wakati mpira unapita mbele yake. Anashindwa pia kupima wakati: dakika kumi na saa nzima kwake zinafanana. Na zawadi iliyo mbali haina nguvu juu yake. "Ukipita darasa nitakununulia viatu" ni ahadi nzuri, lakini miezi tisa kwa mtoto huyu ni sawa na milele. Ndiyo sababu anaweza kukaa saa mbili mbele ya filamu ao mchezo wa simu bila kuchoka. Mchezo unamlipa kila sekunde. Wazazi wanaona hivyo na kusema "unaona, akitaka anaweza." Hapana. Kile kinaonyesha hasa namna ubongo wake unafanya kazi.

Inatoka wapi? Uchunguzi mwingi uliofanywa kwa mapacha umeonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa sana. Kuzaliwa kabla ya wakati ao na uzito mdogo kunaongeza hatari. Malezi mabaya hayaleti TDAH, hata kama yanaweza kuikomaza. Na juu ya urithi kuko jambo ambalo watu hawapendi kusikia: mara nyingi mmoja wa wazazi naye ni mtu wa kusahau funguo, kuanza kazi tano na kumaliza mbili. Tutarudi kwake, sababu naye anahitaji simu yake.

Kuhusu uchawi, sheria ya Congo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na inaadhibu. Anayekuambia umpeleke mtoto afungwe, ashindishwe njaa ao apigwe ili pepo litoke, anakuomba kuvunja sheria, na mtoto atarudi na TDAH yake pamoja na majeraha.

Si kila mtoto asiyetulia ana TDAH

Kwetu Kivu tuna sababu nyingine nyingi za mtoto kukosa umakini. Mtoto aliyekimbia risasi, aliyeona mtu akiuawa, naye hatulii, anashituka, hasikii mwalimu, halali vizuri. Dalili zinafanana sana na TDAH, lakini msaada wake ni mwingine. Ulizo la kwanza basi ni hili: alikuwa hivi tangu mdogo, ao alibadilika baada ya jambo fulani?

Masikio yapimwe. Mtoto mwenye usaha wa mara kwa mara masikioni anaweza kuonekana mkaidi kumbe hasikii nusu ya maneno. Macho pia. Malaria kali iliyopanda kichwani inaweza kuacha matatizo ya umakini. Kifafa cha aina moja kinamfanya mtoto asimame ghafla, macho wazi, sekunde chache, halafu anaendelea kama hakuna kitu. Mwalimu anadhani anaota. Njaa, minyoo, kulala saa sita za usiku katika chumba cha watu wanane: vyote hivyo vinaiba umakini.

Kwa sababu hii hakuna programu ya simu inayoweza kusema mtoto wako ana TDAH ao hana. Zile orodha za maulizo zinazozunguka kwenye simu zinaweza kukusaidia kupanga mawazo kabla ya kuona daktari, basi. Na zile video fupi zenye kichwa "dalili tano za TDAH", tuseme ukweli, karibu kila mtu akiziangalia atajikuta ndani.

Msaada wenye nguvu unapita kwa mzazi

Dawa ziko. Ile inayojulikana zaidi inaitwa metilfenidati, na inapunguza dalili kwa watoto wengi wenye TDAH. Lakini inatolewa na daktari mwenye ujuzi, na uzito, presha na moyo vifuatiliwe. OMS, ndiyo kusema Shirika la Afya Duniani, iliombwa mwaka 2019 na tena 2021 kuiingiza katika orodha yake ya dawa za lazima, na mara zote mbili ilikataa. Kwa familia ya kawaida ya Bukavu, kuipata na kuilipia kila mwezi ni mlima.

Kwa watoto wadogo, chini ya miaka 6, hata nchi tajiri zinaanza bila dawa. Zinaanza na mafunzo ya wazazi. Watu wengine wanakasirika wakisikia hivyo: "mnataka kusema sijui kulea?" Hapana. Malezi yanayotosha kwa watoto wengine hayatoshi kwa huyu, kama vile miwani: mtoto mwenye macho mabaya hatuna lawama naye, lakini bila miwani hasomi. Mafunzo yenyewe hayana siri. Amri fupi, moja kwa wakati. Sifa ya haraka mtoto anapofanya vizuri. Ratiba ileile kila siku. Adhabu ndogo, ya papo hapo, isiyo ya kiboko. Kiboko kinamtuliza kwa dakika tano na kumfundisha kupiga wadogo zake.

Shida ni kwamba mzazi anayetoka sokoni mangaribi, umeme wa SNEL hakuna, watoto watano, ugali haujaiva, atakumbuka vipi yale yote? Hapo ndipo chombo kidogo chenye kengele kinaanza kuwa na maana.

Wengine wamejaribu nini

Kule Finland, timu ya profesa Andre Sourander wa Chuo Kikuu cha Turku iliwapa wazazi mafunzo kupitia intaneti: masomo 11, moja kila juma, na kila juma mtu aliyefundishwa anawapigia simu kuongea nao. Familia zilikuwa 464, watoto wa miaka minne wenye tabia ngumu sana, hawakuchaguliwa kwa sababu ya TDAH pekee. Matokeo yalitoka mwaka 2016: tabia za watoto zilipungua ukali kuliko kwa familia zilizopewa ushauri wa kawaida tu. Kwa maoni yetu, kitu cha kuangalia pale sio intaneti. Ni ile simu ya kila juma. Mzazi alijua kwamba kuna mtu atamuuliza "ulijaribu? ilienda vipi?"

Uingereza, ambako familia zinaweza kungoja muda mrefu sana kabla ya kuona mtaalamu, watafiti wa King's College London walitengeneza programu ya simu inayoitwa STEPS, ya wazazi walio kwenye mstari wa kungoja. Wazo lake ni rahisi na linatufaa na sisi ambao mstari wetu ni mrefu zaidi: usingoje karatasi ya daktari ndipo uanze kubadilisha asubuhi za nyumba yako.

Karibu na hapa, Tanzania, kule Mwanza, ilijaribiwa ParentApp, programu ya wazazi wa vijana, kwa Kiswahili. Haikutengenezwa kwa TDAH. Tunaitaja kwa sababu ilifikiriwa kwa watu kama sisi: inafanya kazi hata kama hakuna mega. Wakati wa Covid-19 pia, OMS, UNICEF na wenzao walitoa karatasi fupi za mashauri kwa wazazi katika lugha zaidi ya 100. Ukurasa mmoja, picha, maneno machache. Ukisha kuupokea unabaki kwenye simu.

Na ule mchezo wa Marekani? Mwezi wa Juni 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mchezo wa video uitwao EndeavorRx utolewe kwa karatasi ya daktari, kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye TDAH. Habari ilizunguka dunia: "mchezo unaotibu." Uchunguzi uliofanywa kwa watoto 348 ulionyesha kwamba waliocheza, dakika kama 25 kwa siku kwa majuma manne, walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa umakini kwenye kompyuta. Lakini wazazi walipoulizwa hali ya nyumbani, hakukuwa tofauti ya maana na watoto waliocheza mchezo wa kawaida. Mtoto alikuwa hodari zaidi mbele ya kioo. Bidoni ilibaki kwenye robine.

Simu uliyo nayo tayari

Tuanze na kengele, juu hata simu ya vibonyezo inayo. Asubuhi ndiyo saa ya vita katika nyumba nyingi: amka, nawa, vaa, kula, toka, na mama anarudia kila neno mara kumi mpaka sauti inapanda. Weka kengele tatu tu, kila moja na muziki wake. Ya kwanza ya kuamka, ya pili ya kuwa amenawa na kuvaa, ya tatu ya kutoka. Fundisha muziki huo Jumapili, kama mchezo, sio Jumatatu asubuhi. Faida yake ni kwamba kengele haina hasira. Mtoto aliyezoea kugombana na mama hana mtu wa kugombana naye.

Kazi ya nyumbani inaomba kitu kingine: ile saa ya simu inayohesabu dakika kurudi nyuma. Kabla ya yote, pima bila kumwambia: anakaa na kaye dakika ngapi mwenyewe? Ikiwa ni nne, anza na nne. Dakika nne za kazi, dakika mbili za kukimbia mpaka kwenye mlango na kurudi, tena nne. Baada ya juma, tano. Wazazi wanapenda kuanza na nusu saa, "ili amalize." Hamalizi. Weka simu mbali kidogo, kioo chini, sauti isikike. Ikibaki mbele yake, imekwisha.

Picha inasaidia kwa vitu vinavyopotea. Mangaribi moja panga mkoba vizuri pamoja naye: kaye, biki, rula, kitabu cha hesabu. Piga picha. Kila jioni anatazama ile picha na kulinganisha na mkoba wake. Ukiweza kuitoa kwenye karatasi na kuibandika ukutani, ni bora zaidi, simu inabaki mfukoni mwako.

Vokali nayo ina kazi. Kwa shuguli yenye hatua nyingi, mwambie mtoto ajirekodi mwenyewe: "Ninabeba bidoni. Ninaenda kwenye robine. Ninangoja zamu. Ninajaza. Ninarudi, ndipo ninacheza." Kabla ya kumtuma unamsikilizisha sauti yake. Sekunde kumi. Watoto wanacheka wakijisikia, na kwa kuwa maneno ni yake, ubishi unapungua. Lakini hakuna chombo kinachochukua fasi ya mkono wako begani mwake na macho yako kwenye macho yake unapotoa amri. Amri iliyopigwa kelele kutoka jikoni imepotea njiani.

Halafu kuko hesabu ya mema. Chagua jambo moja tu, moja: kwa mfano kurudisha bidoni nyumbani. Kila mara anapofanya, tia alama, kwenye simu ao kwenye kaye ya nyumba mahali anapoona. Alama tatu, anapata kitu leo hiihii: kuchagua wimbo kwenye redio, kukanda unga wa mandazi pamoja nawe, dakika kumi za kuongea na baba bila wadogo kuingilia. Si lazima franka zitoke. Baada ya majuma mawili ao matatu zawadi itapoteza ladha. Ni kawaida kwa watoto hawa, badilisha, usiseme njia imeshindwa.

Jambo moja hatutaki likushitue. Ukianza kuacha kujibu kelele ndogo na malalamiko, siku za kwanza mtoto atazidisha. Alizoea kwamba sauti ikipanda unageuka. Atapandisha zaidi ili kuona. Wazazi wengi wanaacha siku ya tatu, wanasema imekuwa vibaya kuliko mbele. Shikilia kidogo.

Mwalimu ni sehemu ngumu. Mwenye watoto 60 hawezi kuandika barua kila siku, na mzazi anayekuja kulalamika kila Ijumaa anafungiwa mlango. Njia ambayo imechunguzwa sana ni ripoti ndogo ya kila siku. Mnapatana mambo mawili ao matatu yanayoonekana kwa macho: alibaki kwenye kiti wakati wa hesabu, alileta kaye, hakupiga mwenzake. Mwisho wa siku mwalimu anaandika alama tu: ndiyo ao hapana. Kwa ujumbe mfupi wa simu ni herufi tatu, "N H N", na hauhitaji mega. Mwalimu asiye na kredi atatia saini kwenye kaye, ni sawasawa. Mtoto akifika nyumbani, anza na N. Ukianza na H, kesho ile kaye itapotea njiani, na hutajua ilipotelea wapi.

Na mzazi yule tuliyesema anasahau? Kengele za kwanza ni zake. Saa kumi na mbili jioni: "msifu kwa jambo moja." Ijumaa: "badilisha zawadi?" Si aibu kukumbushwa na mashine kumsifu mtoto wako.

Kikundi kidogo cha WhatsApp cha wazazi watano ao sita wenye shida moja kinafanya kazi kubwa kuliko kundi la watu mia mbili. Kiongozwe na mtu mmoja anayeuliza kila Jumamosi: ulijaribu nini, ilienda vipi? Vokali ziwe fupi, si wote wanajua kusoma vizuri. Hayo ni karibu yale ya Finland, kwa bei ya mega chache. Nyumba isiyo na simu ya kugusa haikosi kitu kikubwa hapa: kaye, kengele ya simu ya jirani, na mkutano wa nusu saa baada ya misa ao sala vinaleta matunda yaleyale.

Hatari zake

Ya kwanza ni kumpa simu ili atulie. Atatulia, ndiyo. Lakini tumeona kwamba mchezo unamlipa kila sekunde, na baada yake kaye itaonekana chungu zaidi. Kumnyang'anya ghafla ni vita nyingine. Kama anapata muda wa simu, muda ujulikane mbele, saa ihesabu, umwonye dakika tano kabla, na iwe baada ya kazi. Saa moja kabla ya kulala, hapana, sababu mtoto huyu usingizi wake tayari ni mgumu.

Ya pili ni wauzaji. Katika makundi ya simu kunazunguka siro na unga wa "kufungua akili" ya mtoto. Hakuna siro inayoponya TDAH. Na dawa ya kweli ya mtoto wa jirani si dawa ya mtoto wako, hata kama wana umri mmoja.

Ya tatu ni ile video unayomchukua wakati analia na kugaragara, halafu unaiweka kwenye status ili watu wakuonee huruma. Ile video haifutiki. Atakuwa na miaka kumi na tano, na wenzake darasani watakuwa nayo. Programu ikikuomba jina kamili la mtoto, masomo yake na picha yake, jiulize inazitaka kwa kazi gani.

Kuhusu zile mashine za kuandika majibu ambazo watu wanaziuliza kila kitu siku hizi, zinaweza kukupangia ratiba ya asubuhi ao kukuandikia ujumbe mzuri kwa mwalimu. Hazimjui mtoto wako, na zinaweza kukosea zikiwa na sauti ya uhakika. Vipimo vya dawa usiziulize kamwe.

Kwenda wapi, na kubeba nini

Anza na kituo cha afya cha karibu. OMS iliandika kitabu cha kuongoza wauguzi na madaktari wa kawaida, mhGAP, na toleo lake la 2016 linazungumzia pia watoto wenye matatizo ya tabia na TDAH. Lipo hata katika simu, muuguzi anaweza kuwa nalo mfukoni. Kwa magonjwa ya akili na mfumo wa neva, Bukavu kuko SOSAME, Goma kuko Tulizo Letu, Lubumbashi kuko kituo cha Dr Joseph Guislain, Kinshasa kuko CNPP. Njia na usalama vinabadilika, basi piga simu kabla ya kufunga safari, uliza kama kuna anayepokea watoto na siku gani. Mtu asikutishe kwamba mtoto akionekana pale ni "kichaa". Wanaokwenda pale kwa ajili ya kifafa ao usingizi ni wengi.

Kuko mambo mawili ambayo hayangoji. Mtoto anayepotea macho wazi mara nyingi kwa siku aonwe upesi. Mtoto anayesema anataka kufa, leo hiihii.

Beba biletini za miaka miwili, karatasi ya kuzaliwa yenye uzito wake kama unayo, majina ya dawa anazokunywa, zikiwamo za kienyeji, na maneno machache ya mwalimu. Beba zile alama zako za majuma mawili: saa ngapi inakuwa vibaya, wapi, alikuwa amelala saa ngapi. Video moja fupi ya nyumbani, ya kumwonyesha daktari peke yake, inaweza kusema mengi, juu watoto wengi wenye TDAH wanakaa kimya kabisa dakika ishirini mbele ya mtu wasiyemjua, na mzazi anaonekana mwongo. Na kabla ya kutoka, muulize daktari ao muuguzi kama anaweza kukupigia simu baada ya juma moja, hata dakika tano, akuulize ulijaribu nini. Akisema hana kredi, mwambie akupe tu siku na saa, wewe utampigia.